Lori la Kisemei na Waliobaki Nalo

Mwezi wa pili baada ya kumzika mumewe, Soipan alianza kulala na betri ya lori chumbani. Kila jioni lori liliporudi kutoka machimbo ya mawe, alitoka na spana, akafungua boneti, akang'oa vichwa vya waya na kuibeba ile betri kifuani hadi kando ya kitanda. Asidi ilimtobolea leso baada ya leso. Hakujali.

Shemeji yake, Samuel Metito, alimtazama kutoka mlango wa chumba cha mabati alichokuwa amekichukua upande wa pili wa uwanja. Siku iliyofuata jeki, spana ya magurudumu na gurudumu la akiba vilihamia chumbani kwake. Hivyo ndivyo lori lilivyolala Kitengela mwaka ule wa 1998, nusu kwa mwanamke, nusu kwa mwanamume, na katikati ya uwanja bodi lake tupu limeinamia upande mmoja.

Lori lenyewe lilikuwa la marehemu Kisemei. Miaka ya tisini ilipoanza, watu wa huko walipokuwa wakiuza mashamba ya kando ya barabara ya Namanga kwa wageni waliotaka kujenga, Kisemei naye aliuza kipande, akanunua Bedford kuukuu na kuanza kubeba mawe ya ujenzi. Kaka yake mkubwa Samuel, aliyekuwa akiishi mbali huko Rombo karibu na mpaka, aliuza mafahali wake akaongezea. Hapakuandikwa kitu. Walikuwa ndugu, na Kisemei alikuwa mzima.

Alipokufa kwa ugonjwa wa mapafu, Samuel alikuja matangani na sanduku kubwa kuliko la mtu wa kulala siku chache. Watu waliporudi makwao, yeye alibaki.

"Nimekuja kuangalia mali ya ndugu yangu," alisema.

"Mali ya ndugu yako iko na mwenyewe," Soipan akamjibu. "Ni mimi."

Jamaa wengine walianza kunong'ona kwamba huenda kaka mtu angemrithi mjane, mambo yaishe. Soipan aliposikia, alimwambia mchungaji wao mbele ya Samuel, na mbele ya akina mama waliokuwa wameleta maziwa, kwamba afadhali arithiwe na mbuzi. Akina mama walicheka. Samuel hakusahau kicheko kile.

Samuel alitaka lori liende Rombo likabebe nyanya na vitunguu. Soipan alitaka libaki Kitengela kwenye mawe, ambako wateja walimjua. Chifu akaamua kwamba mpaka korti ya Kajiado iseme lake, Samuel aendeshe, Soipan ashughulike na wateja, na kila mmoja apate chake. Wote wawili walitoka kwa chifu wakiamini wameibiwa.

Mtu wa tatu katika mambo haya alikuwa Makokha, mpakiaji na tanboi wa lori, yaani msaidizi wa dereva, mtu mzima wa Webuye mwenye mabega mapana na maneno machache. Kisemei ndiye aliyemwajiri. Alibaki kwa sababu kazi nyingine iliyokuwepo ni kupasua mawe kwa nyundo, na kazi hiyo alikuwa ameshaifanya. Hakujua kwamba atageuzwa simu. Soipan na shemeji yake walikuwa wanaweza kusimama wakitenganishwa na bampa tu, na bado maneno yapitie kwake.

"Makokha, mwambie huyo mtu mteja wa Nkoroi anataka mawe kesho asubuhi."

"Makokha, mwambie huyo mama nimesikia, mimi si kiziwi."

Na Makokha, akiwa na sepetu mkononi, hamwambii yeyote chochote, kwa sababu wote wameshasikia.

Tatizo kubwa lilikuwa injini. Mjini palikuwa na fundi mzuri wa dizeli, Githongo, mwenye gereji yake karibu na kituo cha mafuta. Lakini Soipan alikuwa ameambiwa kwamba Samuel hunywa chai pale gerejini, akaamua hao wawili wana njama. Samuel naye alikuwa ameona Githongo akileta sukari kwa mjane mara mbili baada ya matanga, akaamua ni njama ya aina nyingine. Basi hakuna aliyekubali lori lipelekwe kwa Githongo, na hakuna aliyekubali mwenzake achague fundi mwingine. Kila mmoja akawa fundi.

"Miaka yote hiyo ni mimi nilikuwa namshikia Kisemei tochi akifungua injini," alikuwa akisema Soipan. "Hiyo injini naijua kuliko tumbo langu."

"Nimeendesha trekta za mashamba ya ngano Kisemei akiwa bado anachunga ndama," alikuwa akisema Samuel. "Dizeli ni dizeli."

Wote wawili walikuwa wanajua kidogo, na hicho kidogo kiliwagharimu.

Wa kwanza kukosea alikuwa Samuel. Baada ya zile mvua kubwa za El Nino, njia ya machimboni iligeuka tope zito, na lori lililokuwa limebeba mawe lilipanda likichemka hadi mvuke ukafunika kioo. Badala ya kungoja lipoe, Samuel alifungua kifuniko cha redieta kwa gunia na kumimina humo maji baridi ya mtungi wote. Makokha alisikia mlio mdogo, kama wa kikombe cha udongo kilichotiwa chai ya moto. Hedi ya injini, chuma kinachoifunika juu, ilikuwa imepasuka. Lori lilikaa juu ya mawe wiki kadhaa hedi ikichomelewa Nairobi, na mitamba wawili wa Soipan wakaenda sokoni.

"Makokha," Soipan alisema siku hedi iliporudi, "mwambie huyo mtu kwamba trekta ya ngano haina redieta, ndiyo maana hajui."

Halafu zamu ikamfikia yeye. Asubuhi moja lori lilikataa kuwaka. Soipan akafungua chujio la dizeli, akamwaga maji na uchafu uliokuwa chini, akalisafisha vizuri kabisa na kulirudisha. Alichosahau ni kutoa hewa kwenye paipu, na hewa huzuia dizeli kufika kwenye injini. Samuel akapanda, akapiga stata, akapiga tena, naye Soipan akamkaripia Makokha amwambie dereva aendelee, sasa hivi litashika. Dereva akaendelea kwa makusudi, huku akimtazama machoni kupitia kioo, hadi moshi ukatoka chini na stata ikaungua kabisa.

"Ulijua inaungua!" Soipan alipiga kelele, akisahau kupitia kwa Makokha.

"Si umesema niendelee?" Samuel akasema. Alikuwa karibu kutabasamu. "Nimeendelea."

Tangu siku hiyo kila mmoja aliweka makosa ya mwenziwe kichwani, tayari kwa korti.

Kitu kilichovunja mambo kabisa ni oili. Injini ilikuwa imechoka, ilikunywa oili, na Samuel akaanza kuiongezea oili chafu iliyomwagwa na magari mengine, aliyoipata bure na kuichuja kwa fulana yake. Soipan aliigundua aliposugua tone kati ya vidole akasikia mchanga. Aliingia chini ya boneti, akachomoa kile kijiti kirefu cha kupimia oili, akaziba tundu lake kwa kitambaa na kukifunga kijiti ndani ya gazeti. Kuanzia hapo kilikaa kwenye kikapu chake, akaenda nacho sokoni, akaenda nacho kanisani.

"Mwambie huyo mtu," alimwambia Makokha, "akitaka kujua oili iko wapi, aje aniulize kwa mdomo wake."

Samuel hangeuliza. Ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi, alikuwa mkubwa wa marehemu, na bado alikumbuka kile kicheko cha mbuzi. Akaendesha bila kupima.

Tarehe ya kesi ikafika karibu. Samuel alisafiri Rombo siku ya Ijumaa kutafuta binamu wa kumtolea ushahidi, na lori likabaki na Soipan mchana kutwa. Aliona hii ndiyo nafasi yake. Alimwaga ile oili yote chafu kwenye karai, akajaza kidogo kwenye chupa ya soda aende nayo kortini kama ushahidi, kisha akatia oili mpya hadi alama ya kijiti, sawasawa, kama alivyofundishwa na mumewe. Makokha alimsaidia kufungua nati ya chini, mkono mzima ukawa mweusi.

"Usimwambie," Soipan alimwonya akikifuta kijiti na kukirudisha kikapuni. "Umesikia? Aendelee kufikiri takataka yake iko ndani. Nataka aapishwe mbele ya hakimu ndipo nitoe hii chupa."

"Mama, afadhali ajue," Makokha alisema.

"Nani anakulisha wewe? Mimi au yeye?"

Makokha akaokota kitambaa, akaufuta mkono wake.

Jumamosi Samuel alirudi, wakaenda kupakia mawe ya mteja mmoja aliyekuwa akijenga Kajiado mjini. Mpango ulikuwa kuyapeleka Jumatatu, siku ileile ya kesi, maana safari ni moja. Wakirudi kutoka machimboni, taa nyekundu ya oili iliwaka kwenye dashibodi na haikuzimika. Samuel aliitazama njia nzima. Moyoni alisema injini imekauka, na yule mwanamke anajua, na amenyamaza ili ife mikononi mwake kabla ya kesi.

Lakini oili haikuwa imekauka. Waya wa ile taa ulikuwa umechomoka mahali pake ukalalia chuma, nao ukigusa chuma taa huwaka hata injini ikiwa imejaa. Nani aliuchomoa? Soipan siku ya kumwaga oili, au Samuel alipokuwa akipapasa upande ule akitafuta kijiti ambacho hakikuwepo? Hakuna aliyekubali kamwe.

Jumapili, Soipan alipokuwa kanisani, Samuel alinunua mtungi mzima wa oili mpya. Hakutaka tena kuambiwa anatia takataka. Alitaka naye aseme kortini kwamba yeye ndiye aliyeinunulia gari oili. Alimkuta Makokha amekaa kivulini mwa lori akishona gumboti iliyochanika.

"Wewe, mbwa wa mwanamke," alimwita. Ndivyo alivyokuwa akimwita siku hizo. "Yule ameweka oili kwa hii gari?"

Makokha alivuta uzi mpaka mwisho. Alikuwa mkubwa kuliko Samuel pengine, au walilingana, na kwao Webuye hapakuwa na mtu wa kumwita mbwa.

"Mimi ni mtu wa mawe," alisema. "Mambo ya oili ulizaneni nyinyi."

"Nimekuuliza vizuri."

"Na mimi nimekujibu vizuri."

Samuel akafungua kifuniko, akauinamisha mtungi na kumimina hadi tone la mwisho. Injini iliyokuwa imejaa sasa ilikuwa na karibu oili ya injini mbili. Makokha aliisikia ikiteremka. Hakuinua macho kutoka kwenye kiatu.

Jumatatu asubuhi watu watatu walipanda kebini. Samuel kwenye usukani, amevaa koti la marehemu, jambo lililomfanya Soipan aume meno. Makokha katikati. Soipan dirishani, kikapu magotini, ndani yake chupa, kijiti na Biblia. Betri alikuwa ameirudisha yeye mwenyewe, akaifunga kwa mikono yake.

Lori liliwaka na kutoa moshi wa buluu mzito hadi majirani wakafunga madirisha. Soipan aliona, akafikiri ni mabaki ya ile oili chafu, akafurahi, maana mtu yeyote wa Kajiado angejionea. Samuel aliona, akafikiri mwanamke amechezea kitu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimamisha gari. Walipita Isinya moshi ukiwafuata barabarani kama pazia, na mabasi ya Namanga yakiwapigia honi.

"Makokha," Soipan alisema mwishowe, "mwambie dereva moshi umezidi."

"Makokha, mwambie abiria akitaka kushuka, mlango uko upande wake."

"Mwambie koti la mtu halimfanyi mtu awe yeye."

"Mwambie..."

Samuel hakumaliza. Walikuwa wameanza kupanda mwinuko wa kabla ya Kajiado, mawe yakivuta nyuma, naye alikuwa amekanyaga mafuta hadi chini. Injini ilitoa mlio ambao hakuna kati yao aliyewahi kuusikia. Ulianza kama ng'ombe anayelia, ukapanda, ukaendelea kupanda. Samuel aliondoa mguu. Mlio haukushuka. Oili iliyozidi ilikuwa imepovuka, ikapanda kwa bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa, na injini sasa ilikuwa inaichoma oili yake yenyewe badala ya dizeli. Alivuta kifundo cha kuzimia injini. Hakuna kitu. Akakivuta hadi waya ukatokea.

Angeliacha kwenye gia na kukanyaga breki kwa nguvu zote, pengine uzito wa mawe ungeizima. Lakini alishikwa na hofu, akakanyaga klachi, na injini ikafunguka kabisa. Lori lilisimama kando ya barabara likitetemeka kama lina homa, moshi ukaifunika miiba ya kando, na watu waliokuwa wakichunga mbuzi wakakimbia.

Soipan aliruka chini kikapu kikiwa bado mkononi. Aliwahi kumwona Kisemei akizima injini ya mtu mwingine iliyopandwa na wazimu wa namna hii, kwa gunia bichi alilolishindilia kwenye mdomo wa hewa. Injini ikikosa hewa hufa, alimwambia siku ile. Alitupa kikapu nyasini, akavua sweta, akapiga kelele.

"Makokha! Inua boneti! Inua!"

Makokha aliinua. Joto liliwapiga usoni. Soipan alipanda juu ya bampa, akaikunja sweta yake kuwa bonge na kujinyoosha kuufikia ule mdomo wa hewa. Sweta ilikuwa tayari imevutwa kidogo na mlio umeanza kubadilika, ndipo mikono ya Samuel ilipomkamata kiunoni.

Alichoona Samuel ni mwanamke anayeingiza nguo ndani ya injini inayowaka, asubuhi ya kesi.

"Unachoma gari! Unachoma gari ya ndugu yangu!"

"Niache! Inataka hewa! Iache ikose hewa!"

Alimwangusha chini. Soipan aliamka akamng'ata mkono, akapanda tena, naye akamvuta tena kwa mguu. Makokha alisimama akishikilia boneti, akiwapigia kelele wote wawili kwa Kibukusu. Walipokuwa hivyo, mmoja amemshika mwingine nywele na mwingine amemshika shingo, injini ilipanda mlio wake wa mwisho, ikagonga mara kadhaa kama nyundo ya machimboni, kisha mkono wa pistoni ukatokea ubavuni mwake, ukauvunja na kuuacha wazi. Oili ya moto iliruka. Ilimpata Samuel kuanzia kiwiko hadi vidole.

Kukawa kimya kiasi cha kusikia mbuzi wakipiga chafya ndani ya moshi.

Samuel alikaa chini barabarani akiushikilia mkono. Ngozi ilikuwa imeanza kupanda malengelenge. Soipan alisimama akihema, sweta yake ikining'inia kwenye chuma. Hakwenda kumsaidia. Makokha ndiye aliyechukua mtungi wa maji ya redieta na kuanza kumwagia mkono polepole.

Hapo ndipo Samuel alipoona kikapu. Kilikuwa kimelala kwa ubavu, Biblia imefunguka, chupa ya oili chafu imeviringika hadi kwenye changarawe, na gazeti limejifungua likaonyesha kile kijiti.

"Una kijiti," alisema.

"Ndio. Nilikuwa nacho siku zote. Ungeuliza."

"Taa iliwaka Jumamosi. Ningekuwa na kijiti ningepima." Alizungumza polepole, meno yamebana. "Jana nikatia mtungi mzima."

"Mtungi gani?"

"Wa oili. Mpya."

Soipan aligeuka kwa Makokha.

"Mama aliweka Ijumaa," Makokha alisema bila kungoja kuulizwa. Bado alikuwa akimwaga maji. "Mpya. Ikajaa mpaka alama."

"Na nilipokuuliza?" Samuel alisema.

"Uliponiuliza uliniita mbwa."

"Nilikwambia usimwambie Ijumaa!" Soipan alianza. "Jumapili akimimina si ungekuja kanisani kunitafuta? Umekaa tu unamwangalia? Hii gari ndiyo imekulisha..."

"Mjinga huyu ametuua," Samuel alisema, na kwa mara ya kwanza tangu matanga walikuwa upande mmoja.

Makokha aliweka mtungi chini. Maji yalikuwa yamebaki kidogo. Alipanda bodini, akachukua koti lake na sepetu yake, akashuka.

"Nyinyi nyote mlijua kutia oili," alisema. "Hakuna aliyejua kusema ametia. Msinipe mimi hiyo."

Akaondoka kwa miguu kuelekea Isinya. Walimwita, kwanza kwa matusi, halafu kwa jina. Hakugeuka. Baadaye alirudi kupasua mawe machimboni, na kila Soipan alipopita huko alimwona kwa mbali, naye Makokha akamwona, na salamu haikutoka upande wowote.

Walifika kortini kila mtu kwa njia yake. Soipan alipewa lifti na gari la serikali, akaingia na matope hadi magotini. Samuel alikuja nyuma ya pikapu ya maziwa, mkono umefungwa kwa kipande cha koti la ndugu yake. Hakimu aliwatazama, akauliza lori lenyewe liko wapi kwa sasa.

"Amelivunja," wakasema wote wawili, wakanyoosheana vidole.

Kesi haikuchukua muda mrefu tena baada ya hapo, maana kilichokuwa kikigombaniwa kilikuwa kimebaki chuma. Korti iliamuru liuzwe na wagawane. Mnunuzi pekee aliyejitokeza ni Githongo, ambaye alilichukua kwa vipuri, na ndiye aliyeuona ule waya wa taa na kuwaeleza. Aliwaeleza kila mmoja kivyake, kwa sababu hawakukubali kukaa pamoja. Soipan alisema, "Unaona? Alikuwa anapapasa vitu asivyovijua." Samuel alisema, "Unaona? Aling'oa waya akaacha." Githongo alipangusa mikono na kurudi kazini.

Samuel alirudi Rombo na sanduku lake na mkono uliopona vibaya, vidole viwili havikunjiki. Soipan alibaki Kitengela, akaanza kuuza maji aliyobebesha punda, baadaye nyasi kavu, akalea watoto. Mji ulikua ukauzunguka uwanja wake. Jina la Samuel halikutajwa nyumbani kwake.

Lakini mwaka 2003 binti yake mkubwa, Nashipae, mwalimu wa nasari aliyekuwa amepanga nyumba Nkoroi, alipata mchumba, na wazee wa upande wa kijana wakauliza ni nani atakayesimama mahali pa baba. Nashipae hakumzunguka mama yake.

"Yeiyo, baba mkubwa yuko hai. Nikiolewa bila yeye watu watasema nini?"

"Watasema ukweli. Kwamba alituvunjia gari."

"Mimi sina gari. Nataka tu anibariki."

Walibishana wiki nzima. Mwishowe Soipan alisema aje, lakini asiingie chumbani kwake, na asimsalimie.

Samuel alikuja, mnyonge zaidi kuliko walivyomkumbuka, shuka begani na ule mkono ameuficha ndani yake. Aliketi na wazee, nyama ikachomwa, maneno ya mahari yakaenda vizuri. Ulipofika wakati wa baraka, Nashipae aliinamisha kichwa mbele yake. Samuel hakuinua mkono. Alitazama juu ya kichwa cha binti, hadi mlangoni, ambako Soipan alikuwa amesimama na birika.

"Kabla sijafungua mdomo," alisema, sauti ikisikika na kila mtu, "huyo aseme ni nani aliharibu gari."

Wageni wa upande wa kijana walitazamana. Nashipae hakuinua kichwa, lakini haya ilimpanda hadi shingoni.

Soipan angeweza kumwagia ile chai. Baadaye aliwaambia wenzake kwamba alilifikiria hilo, na kwamba birika lilikuwa la moto vya kutosha. Alimtazama binti yake aliyeinama, halafu ule mkono uliofichwa.

"Mimi nilitia oili yangu," alisema. "Nikaficha kijiti. Ni hivyo tu nitasema, na siongezi."

"Na mimi nilitia yangu," Samuel alisema. "Wala sikuuliza."

Hakuna aliyesema pole. Kisha Samuel akautoa ule mkono, vidole vimenyooka vibaya, akauweka juu ya kichwa cha Nashipae, akamtemea mate ya baraka na kumtajia Enkai, Mungu wao, mvua, watoto na ng'ombe, yote, bila kuruka hata moja.

Alipomaliza alikula, akanywa, akaondoka mapema kuwahi gari la Loitokitok. Alipita karibu na Soipan uwanjani, naye Soipan akamgeuzia mgongo akaendelea kuosha vikombe. Hawakuonana tena. Samuel alipokufa miaka michache baadaye, Nashipae alienda Rombo kuzika pamoja na mumewe. Mama yake alimpa blanketi jipya la kupeleka kwa wafiwa, akasema yeye ana kazi ya nyasi, hataweza kwenda.